Kidole cha Nathani

Babu yangu amevigawa vitabu vyote vya dunia mafungu mawili: vya kweli na vya porojo. Vya kweli ni Biblia, Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, kitabu cha nyimbo, kalenda ya kanisa, na vijitabu vya kilimo vilivyogawiwa na mabwana shamba enzi za pareto. Porojo ni vingine vyote. Nilipochaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kule Iringa, alifurahia nusu tu ya habari. Kiingereza alikikubali bila maswali, maana mwalimu wa Kiingereza hakosi pa kushika, na mtu wa Makete anayeshuka Makambako kuuza mbao na viazi anajua kuwa lugha ni mtaji. Kilichomkwaza ni ile nusu ya pili ya barua ya kuchaguliwa: Fasihi. Nikamweleza kuwa Fasihi ni riwaya, tamthilia na mashairi. Habari za watu waliobuniwa, wanavyoishi, wanavyokosana, wanavyokufa. Akavua miwani.

"Yaani Bodi ya Mikopo inakukopesha fedha ukasome mambo ambayo hayakutokea?"

Wengi niliowasimulia swali hilo hucheka. Mimi naliona zito kuliko mengi niliyoulizwa kwenye mitihani ya chuo, na wala si la mzee wa milimani peke yake. Plato aliwafukuza washairi katika mji aliouchora kichwani mwake, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Yeronimo, mtu aliyelipatia kanisa Biblia ya Kilatini, aliota amesimamishwa mbele ya kiti cha hukumu. Alipojitaja kuwa Mkristo aliambiwa hapana, wewe ni wa Cicero, kisha akachapwa viboko ndotoni kwa kupenda vitabu vya wapagani. Babu hamjui Cicero. Hofu yao ni moja.

Ili nimtendee haki, lazima niseme anatoka wapi. Ni mwinjilisti mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na kwao ni Tandala, juu kabisa kwenye milima ya Makete, ambako Juni na Julai jalidi huunguza viazi shambani na ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Wamisionari wa Berlin walioingia nyanda hizi kutoka upande wa Ziwa Nyasa katika miaka ya 1890 walijenga hapa kimojawapo cha vituo vyao. Mwaka 1905 sarufi ya Kikinga, kazi ya mmisionari R. Wolff, ilikuwa tayari imechapwa Berlin. Kwa ukoo wetu, basi, herufi na Injili vilifika katika mzigo mmoja. Aliyejifunza kusoma alijifunzia kwenye katekisimu, na kitu kilichopigwa chapa kilibeba ahadi kwamba ni cha kweli.

Ndiyo maana Babu hana ugomvi na sungura wa jikoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia, tukiwa tumezunguka moto wa kuni za miwati, jinsi sungura alivyomlaghai fisi, na sikumbuki akiungama kwa hilo Jumapili. Anayemsumbua ni sungura aliyetiwa kwenye jalada, akatungiwa mtihani na kutolewa shahada.

Hoja yake ina miguu miwili. Wa kwanza ni amri ya nane, kwa hesabu yetu Walutheri, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Mguu huo sikuuogopa sana. Wa pili ndio ulioninyima usingizi. Alisema huruma ya mtu ina kiasi chake. "Ni kama mbegu za viazi ulizotunza ghalani," akasema. "Ukizipika zote sasa, mvua ikifika utapanda nini?" Unamlilia binti wa kitabuni, asiyeumwa na njaa wala homa, halafu ukitoka nje unampita mjane wa jirani macho makavu, kwa sababu machozi umeshayamalizia huko.

Nilikwenda nayo Mkwawa hoja hiyo. Katika kozi ya nadharia za uhakiki mhadhiri wetu alitugawia kurasa chache za fotokopi kutoka katika Maungamo ya Augustino. Wenzangu walizipokea kuwa desa jingine la kupigia msuli usiku wa kuamkia mtihani. Mimi niliona mwandiko wa Babu. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria: Mwafrika wa mji mdogo aliyepanda ngazi kwa lugha ya wakubwa. Akiwa mtu mzima, tena askofu, anajishtaki kwamba utotoni shuleni alimlilia Dido, yule malkia wa Karthago katika utenzi wa Virgil anayejiua kwa ajili ya mapenzi, huku yeye mwenyewe akiwa anakufa mbali na Mungu bila kudondosha hata chozi. Mbegu za viazi zilezile, ila Augustino hakuwa na baridi ya Makete.

Kuna jambo jingine katika kurasa hizo ambalo wahadhiri hulipita upesi. Augustino anakumbuka alivyokichukia Kigiriki, kwa sababu alitiwa lugha hiyo kwa vitisho na adhabu, ilhali Kilatini kilimwingia kwa michezo na vicheko vya walezi. Mtoto yeyote wa Tanzania aliyesoma hadi darasa la saba kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta bango la kuamuru Kiingereza tu, anamwelewa bila mfasiri. Tulibishana sana hosteli kwa nini hasa tunasoma Kiingereza. Tulikuwa tukiukumbuka waraka wa mwaka 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, uliotaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika ikae katikati. Sisi tuliokutana na Achebe kabla ya Shakespeare tunakula matunda ya ugomvi ule. Ni mjadala mkubwa, nauheshimu. Lakini haukuwa mjadala wa Babu. Angeniuliza swali lilelile hata kama ningekwenda kusomea riwaya za Shaaban Robert.

Jibu la mguu wa kwanza nililipata kwa Philip Sidney, askari na mshairi wa Uingereza, ambaye utetezi wake wa ushairi ulichapwa mwaka 1595 akiwa ameshafariki. Kwa ufupi anasema hivi: mshairi hadai kwamba alisemalo limetokea, kwa hiyo hata akitaka hawezi kusema uongo. Uongo unahitaji dai. Wazee wetu hawakumsubiri Sidney kulijua hilo. Anayesema paukwa akaitikiwa pakawa ameshafunga mkataba na wasikilizaji wake kabla sungura hajatokeza masikio. Hakuna aliyedanganywa pale, na asiyeutaka mkataba anaruhusiwa kwenda kulala.

Likizo ya Desemba nikarudi na jibu hilo Tandala. Nilikuwa nimeshaona kwamba katika fungu la vitabu vya kweli, kati ya Katekisimu na kalenda, Babu anaficha kitabu kimoja ambacho hakikustahili kukaa pale: Safari ya Msafiri, cha John Bunyan, kilichokwisha jalada kwa kusomwa.

"Babu," nikamwambia, "huyu Mkristo aliyeukimbia Mji wa Uharibifu, alikuwa mtu wa wilaya gani?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Huyo ni mfano, mjukuu wangu."

"Na mfano ni kweli au ni porojo?"

Nikamweleza kwamba Bunyan, mhubiri aliyefungwa miaka mingi katika jela ya Bedford, alipokitoa kitabu hicho mwaka 1678 alikitangulizia utetezi wa kishairi, kwa sababu marafiki zake wengine walimshauri asikichape. Walisema ni mambo ya kubuni. Kisha nikamtolea Luther. Mwaka 1530, wenzake wakiwa njiani kwenda kuikiri imani mbele ya kaisari mjini Augsburg, yeye alibaki ngome ya Coburg, na huko alimwandikia mwenzake Melanchthon kwamba atajenga vibanda vitatu, kama Petro alivyotaka kule mlimani: kimoja cha Zaburi, kimoja cha manabii, kimoja cha Aesop. Aesop yule wa hadithi za mbweha na simba! Na kweli alianza kuziweka ngano zake katika Kijerumani kwa mkono wake mwenyewe. Sikuishia hapo. Nikamkumbusha Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri Julius Caesar mwaka 1963, akatutolea Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na uzeeni akaziweka Injili katika tenzi, mtu mmoja kwa kalamu moja.

"Nyerere alikuwa Mkatoliki," Babu akasema. Kuhusu Luther alinyamaza.

Nilipoona ananyamaza nikaongeza Nathani, na hapo ndipo mzee aliponibana. Habari yenyewe kila mtoto wa shule ya Jumapili anaijua. Mfalme Daudi amemchukua mke wa Uria na kumfanyia Uria hila auawe vitani. Nabii Nathani anamjia na kisa cha watu wawili wa mji mmoja: tajiri mwenye makundi ya mifugo, na maskini mwenye kondoo mmoja jike aliyemlea pamoja na watoto wake. Tajiri anapata mgeni, anaionea uchungu mifugo yake, anamchinja yule wa maskini. Daudi anawaka hasira na kutoa hukumu. Nathani anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Nikasema: tazama, Babu, hadithi ya kubuni katika kinywa cha nabii.

"Soma tena," akaniambia. "Nathani alimwambia mfalme kwamba huo ni mfano?"

Nikasoma tena, 2 Samweli sura ya 12. Hakumwambia. Hakuna paukwa pale. Daudi aliisikia ile ni kesi, ndiyo maana akahukumu.

"Basi kwa kipimo chako wewe na huyo Mwingereza wako," akasema, akiwa ameridhika kabisa, "nabii wa Bwana alisema uongo."

Tangu mazungumzo hayo swali la kweli au uongo halinishughulishi tena sana. Linalonishughulisha ni lile linalotokea hadithi ikishakwisha, pale Nathani anaponyoosha kidole. (Kidole hakimo katika Maandiko, ni wachoraji wa picha za shule ya Jumapili waliokiongeza, nami nakitunza, maana bila kidole kisa hiki hakisimami vizuri machoni.) Fikiria Nathani angemaliza kisa chake, akainama na kwenda zake. Daudi angebaki na hasira tukufu juu ya tajiri asiyekuwepo, angejisikia mfalme mwenye haki, akala chakula cha jioni kwa hamu. Hapo Babu angekuwa amesema kweli tupu: mbegu zote zimepikwa. Chozi la Augustino kwa Dido na ghadhabu ya Daudi kwa yule tajiri ni kitu kilekile. Tofauti ni kwamba Daudi aligeuzwa shingo akajitazama. Kwa hiyo swali la mtu anayefundisha hadithi ni hili: nani amempa haki ya kunyoosha kidole, na amnyooshee nani?

Nilikuja kuliona swali hilo mwilini nilipoanza kufundisha. Mkoa wetu wa Njombe una sifa ambayo hatuitangazi kwenye mabango ya utalii pamoja na maua ya Kitulo. Utafiti wa taifa wa 2011/12 uliukuta na maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8, ya kwanza nchini. Ule wa 2022/23 ukaukuta na asilimia 12.7, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.4. Makete ilizika sana kabla ya mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa na serikali, na iliendelea kuzika baadaye. Watoto waliolelewa na bibi zao si habari hapa. Mwalimu akiandika barua ya kuita wazazi anaandika "mzazi au mlezi", na anajua ni neno lipi litakalotumika zaidi.

Basi, katika orodha ya vitabu vya Kiingereza vya kidato cha tatu na cha nne kilikuwemo Passed Like a Shadow, riwaya fupi ya Bernard Mapalala kuhusu familia ya Uganda inayotafunwa na UKIMWI. Nilikifundisha. Wanafunzi walikijibu vizuri mno. Waliandika, kwa maneno ambayo kila desa nchini linayo, kwamba mwandishi amefaulu kuonyesha athari za ulevi, uzinzi na ukosefu wa uwajibikaji. Wakataja dhamira, wakataja wahusika, wakataja funzo. Ugonjwa waliuita kwa jina lake, kwenye mstari wa kwanza. Hao hao, nyumbani kwao, wanasema marehemu alisumbuliwa na kifua, au ni huu ugonjwa wa siku hizi. Na vijana walioshuka Makambako wanasema fulani alikanyaga waya. Niliposahihisha madaftari nikajiuliza kama Kiingereza kimewapa ujasiri wa kusema kweli, au kimewapa kweli isiyogharimu kitu. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuliliwa kwa Kiingereza.

Kisha mwanafunzi mmoja, aliyekuwa kimya siku zote, akainua mkono kuuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, na sikumkemea.

"Madamu, hawa watu wa kwenye kitabu walikuwepo kweli?"

Nikamwambia hapana, wamebuniwa na mwandishi.

"Afadhali," akasema, na kukaa.

Hakuna andiko la nadharia lililonifanyia kazi niliyofanyiwa na jibu hilo. Plato, Augustino na Babu wote wanadhani kwamba kutokuwepo kwa wale watu ndiko kasoro ya hadithi. Mtoto yule aliona kinyume. Kwa mara moja katika maisha yake ameonyeshwa kifo kile chote, mwanzo hadi mwisho, kikohozi na kitanda, na hakuna mtu aliyekufa. Ameruhusiwa kutazama bila kuwa na wa kumzika. Huko kutokuwepo kulikuwa rehema, na sioni kama alimaliza akiba yake ya huruma pale. Naona ni mara ya kwanza alipewa mahali pa kuiweka.

Mwalimu mwenzangu, mtu mwema tu, alishauri tuitumie riwaya ile vizuri zaidi: kila mwanafunzi asimame aeleze jinsi kisa kinavyofanana na kwao. Nilikataa, na papo hapo nikajua kwa nini. Hicho kingekuwa kidole cha Nathani kilichoelekezwa kwa yatima. Nathani alimwendea mfalme, tena mfalme mwenye damu mikononi, aliyekuwa na uwezo wa kumkata kichwa nabii. Hakumwendea mke wa Uria wala mama yake Uria kuwauliza kisa cha kondoo kinawagusaje. Mwenye kuumizwa hana cha kushtakiwa. Akitaka kujiona kitabuni atajiona, kwa wakati wake, na asipotaka kitabu kitamwacha apite. Walimu wengi wa fasihi, nadhani, hawajatofautisha kati ya kumfungulia mtoto mlango na kumsukuma ndani.

Na wafalme je? Wafalme wapo, hata Makete. Hapa kwetu urithi wa mtoto siku hizi mara nyingi si ng'ombe, ni shamba la misindano. Baba hupanda miti, hufa kabla haijakomaa, na miti huendelea kunenepa bila kujua kwamba mwenyewe hayupo. Mbao zinapopanda bei, ndugu wa marehemu wanaanza kukumbuka kuwa ardhi ile kwa kweli ilikuwa ya ukoo. Jamaa mmoja wa kwetu, mwenye mashamba yake kadhaa ya miti, alilidai shamba moja lililoachiwa watoto wa marehemu nduguye. Kikaitwa kikao cha ukoo. Babu, kwa kuwa ni mwinjilisti na kwa kuwa ndiye mkubwa, akafungua kikao kwa Neno, na Neno alilochagua lilikuwa 2 Samweli 12. Alilisoma taratibu, ile sauti yake ya mazishini. Nilimtazama yule jamaa wakati wote. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali. Yule tajiri alipomchinja kondoo, jamaa alisonya. Mwisho aliitikia amina kuliko sisi wote.

Baadaye tukasikia amekwisha kupatana bei na mnunuzi, miti ikiwa imesimama shambani.

Nimelifikiria tukio hilo kuliko nilivyofikiria kitabu chochote cha chuo. Kwa nini kisa kilichomwangusha Daudi hakikumtikisa mtu wa Makete? Nadhani ni kwa sababu Daudi hakujua kinaishia wapi. Jamaa yetu alikijua tangu utoto. Alijua mwisho wake, na alijua jina la mwenye hatia: Daudi. Kisa cha kweli, kitakatifu, kilichosomwa kila mwaka, kimeota sugu; mtu anaweza kukikalia kwa raha huku akitenda jambo lilelile. Nathani alihitaji kubuni kisa kipya ingawa Torati ilikuwepo, na ndani ya Torati imo amri ya wazi juu ya kutamani mke wa jirani, ambayo Daudi aliijua kwa moyo. Amri haikumzuia. Kondoo asiyekuwepo ndiye aliyemfikia. Kama Bodi ya Mikopo ikitaka kujua fedha yake ilikwenda wapi, ilikwenda kwenye jambo hilo: lazima pawe na mtu anayetunga kondoo wapya.

Babu hakubaliani nami hata kidogo, na ana ushahidi. Shauri lile lilifika barazani. Hapo hapakuwa na mifano wala tenzi. Palitakiwa karatasi, majirani wa mipaka, na mtu aliyekuwepo siku marehemu alipooteshewa mpaka. Babu alikuwepo. Akaenda shambani na wajumbe, akatembea na fimbo yake mti hadi mti, akionyesha: hapa, na hapa, na pale kwenye jiwe. Misumeno ikasimamishwa. Miti michache ilikuwa imeshaanguka, iliyobaki ikabaki ya watoto.

"Umeona?" akaniambia tukirudi. "Amri ya nane. Shahidi wa kweli ndiye aliyerudisha shamba. Hadithi ilishindwa."

Nilimkubalia kuhusu shamba. Kuhusu jamaa yetu, nilimwambia, hakuna kilichobadilika; Jumapili yuko palepale benchi la mbele, na mwakani Nathani akisomwa atasonya palepale. Ushahidi ulimnyang'anya msumeno. Yeye mwenyewe haujamfikia.

"Na hicho kitabu chako kitamfikia?"

Sikuwa na kitabu cha kumpa yule jamaa. Nilikuwa nacho cha kumpa Babu: Shujaa Okonkwo, Things Fall Apart ya Chinua Achebe kwa Kiswahili cha Clement Ndulute, toleo la mwaka 1973, nililolipata kwa muuza vitabu chakavu. Nilimwambia tu kwamba kinahusu wamisionari walivyoingia kwenye kijiji cha watu. Alikichukua kwa vidole viwili.

Alikirudisha kimejaa alama za penseli. Bwana Brown, yule aliyekuwa akikaa na wazee wa Umuofia wakijadiliana kuhusu Mungu bila kutukanana, alimpenda. Mchungaji Smith, aliyemfuata, alimtia hasira ya kweli. Alisema mtu wa namna ile angehamishwa usharika kabla ya Pasaka. Alipofika kwa Nwoye, mtoto wa Okonkwo anayebatizwa kuwa Isaka na kupelekwa chuo cha ualimu, alitulia, maana na hapa Tandala chuo cha ualimu tunacho na anawajua wengi waliopitia njia hiyo wakiwa wamegombana na baba zao. Ila kulikuwa na jambo lililomkera kwamba mwandishi hakulisema.

"Okonkwo alipojinyonga, huyu Isaka alikwenda kumzika baba yake?"

Nikamwambia katika kitabu hiki hilo halisemwi, lakini kuna kingine, No Longer at Ease, cha mwaka 1960. Humo Isaka ameshazeeka. Ni katekista mstaafu, anaishi kwa pensheni kiduchu. Babu akaweka kikombe chini. Kwa kuwa nakala yangu ni ya Kiingereza, nikamwahidi nitakuwa nakuja Jumapili baada ya ibada, nimsomee nikifasiri.

"Niambie kwanza kama alikwenda."

Nalijua jibu. Hakwenda, na alikuwa na maneno ya Maandiko ya kujitetea. Nikakataa kusema, nikamwambia asubiri tufike. Alinikasirikia waziwazi. Akasema kama mtu yule hakwenda kumzika baba yake mzazi, basi asingestahili kukaribia Meza ya Bwana mpaka arudi kundini mbele ya usharika wote, na kwamba kama yeye angekuwa kwenye baraza la wazee la kanisa lile angesimama akalisema jambo hilo, pensheni au hakuna pensheni.